Bi Msonyo na Taa Nyekundu ya Pampu

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Kiwandani, na hata mtaani alikokaa, alikuwa Bi Msonyo, na jina hilo hakupewa bure. Wapo watu wanaosonya kama wanaotema mbegu ya chungwa, wakamaliza. Yeye hata hapo alikuwa fundi. Alikuwa na msonyo mfupi wa kazi mbovu, na msonyo mrefu wa kuvuta wa mtu mvivu. Kisha kulikuwa na mmoja wa ndani kwa ndani, usiosikika ila unauona shavuni, ambao aliuhifadhi kwa ajili ya wakubwa. Meneja alikuwa ameuona mara nyingi akidhani mama wa watu anaumwa jino.

Kiwanda chenyewe kilisaga makaratasi yaliyotupwa, maboksi, magazeti na madaftari ya watoto, na kuyageuza karatasi ngumu ya kufungia mizigo. Kazi ya namna hiyo hunywa maji kuliko ngamia. Maji yakishatumika yaliteremka, mazito kama uji uliopoa, hadi kwenye shimo la zege chini ya sakafu, na humo shimoni ilikaa pampu, imezama kutwa kucha, ikiyasukuma kwenda kwenye mabwawa ya nje. Pampu ikigoma shimo hujaa, na shimo likijaa sakafu huogelea. Pampu zote za kiwanda zilikuwa chini ya mkono wa Bi Msonyo, lakini hiyo ya shimoni ndiyo aliyoiheshimu. Kuhusu binadamu, orodha ya aliowaheshimu ilikuwa fupi na wengi wao walikuwa wameshafariki.

Alianza hapo kama mfagiaji. Fundi wa enzi hizo, mwanamume wa kitambi na miwani iliyofungwa kwa waya, kila akimwona anasogelea mashine alimwambia mbele za watu, "Dada, mpini wa ufagio uko huku, sio kule." Watu walicheka. Naye aliendelea kufagia pale pale, polepole, sakafu iliyokwisha kutakata, macho yake mikononi mwa fundi. Baadaye aliomba kupelekwa mafunzo, akaenda, akafuzu, akarudi na ovaroli yake mwenyewe. Mzee wa kitambi alipostaafu alimwachia karakana, jiti lake la kusikilizia mota, na dharau yake yote. Jiti lilivunjika mwaka huo huo. Dharau aliitunza, akaizalisha.

Mume alikuwa naye zamani. Ama mume alimwacha, ama yeye alimwacha mume, kila mmoja husimulia kivyake. Sasa aliishi kwenye nyumba ya urithi wa wazazi wake, nyumba ya pande mbili zinazotazamana uani. Upande mmoja alikaa yeye. Upande wa pili alikaa mdogo wake wa kike na mumewe, na huyo mume, kwa bahati mbaya ya Bi Msonyo, alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani kwake. Hivyo alimtazama kazini, akarudi kumtazama nyumbani.

Wafanyakazi walimwita shemeji huyo Bwana Taratibu, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila jambo. Mkanda umekatika? Taratibu. Lori limekwama getini? Taratibu, litatoka. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, mpenda watu, asiyejua kumkatalia mtu kitu. Bi Msonyo alimwona kama godoro lililovaa kofia ya usalama. "Konokono akimwona yule," alikuwa akisema, "anajiona amepanda gari."

Sasa pampu ya shimoni ilikuwa na kidude. Katikati ya mota, ambako umeme unapita, na panga linalosukuma maji, kuna chumba kidogo kilichojaa mafuta, kimezibwa kwa sili, yaani vizibo vya kuzuia maji, juu na chini ili maji yasipande kwenye mota. Sili ya chini ikichoka, maji huanza kuingia kwenye mafuta. Kidude hicho, chenye ncha kama msumari, kimechomekwa humo kwenye mafuta, na kazi yake ni moja tu: kikiguswa na maji, kinawasha taa nyekundu juu, kwenye kabati la swichi. Maana yake toa pampu, badilisha sili, kabla maji hayajafika kwenye mota. Waliokileta walikiita sensa, na jina likakaa.

Bi Msonyo hakukipenda tangu siku kilipofika. Sensa, alisema, ni ile ya serikali, watu wanapita nyumba kwa nyumba wanakuuliza una mbuzi wangapi. Yeye alikuwa na masikio. Pampu inayovuja utaisikia ikinguruma vibaya, na fundi anayengoja taa imwambie ni sawa na mpishi anayengoja moshi umwambie chakula kimeungua.

Mbele ya kabati la swichi aliketi mzee mmoja mwembamba, mwangalizi wa taa na vipimo, ambaye kila mtu alimwita Swichi. Kazi yake ilikuwa kutazama. Kikibadilika kitu, anaita. Alikuwa ameifanya kazi hiyo muda mrefu kiasi kwamba hata akizungumza nawe jicho moja lilibaki kabatini.

Asubuhi moja taa ya pampu ya shimoni iliwaka. Swichi akavuka uwanja haraka, akafika mlango wa karakana akihema.

"Fundi, samahani. Taa ya shimoni imewaka."

Bi Msonyo alichukua mita yake ya umeme akamfuata bila neno. Alifungua nyaya za sensa, akapima, kisha akafuata kebo mpaka kwenye kisanduku cha maungio kilichopo juu ya shimo. Ndani ya kisanduku kulikuwa na unyevu, matone madogo kama jasho la glasi. Akapangusa, akapuliza kwa hewa ya bomba, akafunga. Taa ikazima. Mafuta ya pampu yalikuwa salama.

Vijana wa marobota, wapakiaji wa karatasi iliyokamilika, walikuwa wamesogea kutazama. Hilo ndilo lililomponza Swichi, kwa maana Bi Msonyo hakuwahi kuona watu wamekusanyika akawaacha waondoke mikono mitupu.

"Mtu mzima umekimbia uwanja mzima," alimwambia, "kwa sababu kisanduku kimetoka jasho. Kwako mvua ikinyesha unaita zimamoto?"

Wakacheka. Swichi naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu kwenye foleni.

Haikupita muda mrefu taa ikawaka tena. Safari hii Swichi hakukimbia. Alikuja akitembea, akasimama mbali kidogo na mlango, akasema alichotumwa na kazi yake kusema. Bi Msonyo alipima tena, akafuata kebo tena, na sasa aliona kilichokuwa kikisumbua. Kebo ya sensa yenyewe ilikuwa imepasuka ngozi, pale inapotokea kwenye pampu na kupanda ukutani, na unyevu ulikuwa unapenya humo. Dawa yake aliijua. Ni kuitoa sensa nzima na kebo yake, kuweka mpya. Mpya ilikuwepo, ndani ya boksi lake, kwenye kabati la karakana chini ya matambara. Lakini kuiweka kulimaanisha kunyanyua pampu kwa mnyororo, kumwaga mafuta, kushinda kwenye matope siku nzima, kwa ajili ya kidude ambacho yeye alikihesabu kuwa mchezo wa watoto. Akazungushia utepe mahali palipopasuka. Taa ikazima.

"Hii sensa yenu," alisema, akimfungia Swichi mlango wa kabati karibu na pua, "inahesabu waoga. Na wewe imeshakuandika wa kwanza. Ukiniita tena kwa upuuzi huu nitakushusha shimoni kwa mnyororo, ukatazame mwenyewe, uniletee habari."

Kisha akasonya, ule mrefu. Vijana wa marobota waliuiga wiki nzima. Swichi akipita kwenda chooni, anasonywa. Akikaa kunywa chai, anasonywa kutoka nyuma ya boila. Mzee hakulalamika. Alisogeza tu kiti chake, akawa anaketi amewapa watu mgongo.

Baada ya hapo taa ilitulia. Bi Msonyo alifurahi, na siku ya mapumziko, walipokuwa wakila pamoja upande wa mdogo wake kama desturi yao, akalieleza jambo hilo kwa raha.

"Mnaona? Tangu nimkaripie yule mzee, taa imeshika adabu. Mashine nyingine haziugui. Anayeugua ni anayezitazama."

Mdogo wake alicheka. Shemeji hakucheka. Alikuwa ameinamia sahani yake akikusanya punje za wali moja moja kama anaziokoa.

"Shemeji mbona kimya?" Bi Msonyo akamchokoza. "Au na kutafuna nako ni taratibu?"

"Nasikiliza, shemeji," alisema.

"Endelea kusikiliza. Huenda ipo siku utasikia."

Mdogo wake akamtazama mumewe, akamtazama dada yake, akainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Mtu aliyezoea kulala na mkoromaji haamshwi na mkoromo. Huamshwa na kimya. Ndivyo ilivyomkuta Bi Msonyo siku moja karakanani, jua limeshapanda, akisafisha bomba kwa brashi ya waya: kitu fulani chini ya kelele zote za kiwanda kilikuwa kimeacha kuwapo. Aliweka brashi chini, akatoka.

Alipofika, swichi kubwa ya pampu ya shimoni ilikuwa imejikata. Iliporudishwa, ikajikata tena kwa kishindo. Harufu ya vanishi ya nyaya za mota iliyoungua ilikuwa imejaa hewani, ile harufu ambayo fundi wa mota akiinusa hahitaji kuuliza jina la marehemu. Shimo lilikuwa limefika ukingoni. Kabla hawajapata pampu ndogo ya akiba maji yalimwagika sakafuni, ya kijivu, yenye povu, yakaenda moja kwa moja kwenye marobota ya karatasi iliyokamilika kana kwamba yameelekezwa. Mashine zikasimamishwa moja baada ya nyingine. Meneja alitokea amevaa gambuti mpya zenye lebo bado, akapanda juu ya ubao wa mizigo, akabaki hapo akiuliza swali moja, "Itachukua muda gani?", kwa kila aliyepita, hata kwa mpishi wa kantini. Bi Msonyo alimpa ule msonyo wa shavuni.

Pampu ikanyanyuliwa, inachuruzika, ikalazwa sakafuni. Bi Msonyo akapiga goti majini, akafungua kizibo cha chumba cha mafuta. Badala ya mafuta yakatoka maji meupe, mazito, kama chai ya maziwa. Yaliendelea kutoka. Hilo halikuwa la siku hiyo wala la jana yake. Sili ilikuwa imekufa zamani na maji yakapanda kwa starehe zao mpaka juu, yakaikuta mota, yakaiua.

Akainuka. Akatazama taa. Taa ilikuwa imezima.

Alifungua kabati la swichi. Waya wa sensa ulikuwa umechomolewa mahali pake, ncha yake ikafungwa utepe mweusi, vizuri, tabaka juu ya tabaka, kazi ya mtu mwenye subira.  Alirudi kwenye pampu, akaichomoa ile sensa ya zamani, akaipangusa kwa shati lake. Akachota maji kwenye kikombe chake cha chai, akashika ncha za mita kwenye nyaya, akachovya sensa kikombeni. Sindano ya mita ikaruka. Akaitoa, akaikausha, sindano ikalala. Akachovya tena. Ikaruka tena. Kidude kilikuwa kizima. Ngozi ya kebo mbovu, lakini ncha nzima. Maji yalipoingia kilisema, na mtu akakiziba mdomo.

Moyoni alikwisha kumhukumu mhalifu. Alikwenda moja kwa moja kwa Swichi, maji yakimpiga vifundoni, na watu wakampisha.

"Mikono yako hiyo," alisema, "siku zote nilikuwa nashangaa ina kazi gani. Kumbe ya kuchomoa nyaya."

Swichi alimtazama. Kwa mara ya kwanza macho yake yote mawili yalikuwa hayapo kwenye kabati.

"Sikuchomoa," alisema.

"Basi ulijichomoa wenyewe, ukajifunga utepe kwa sababu ya baridi?"

"Ni mimi, shemeji."

Bwana Taratibu alikuwa nyuma yake, suruali imekunjwa, ndoo mkononi. Sauti yake ilikuwa ile ile laini. Vijana waliokuwa wakichota maji waliacha.

"Taa iliwaka," akaendelea. "Mzee akaja kwangu. Akasema kwako haendi tena, bora afukuzwe kazi. Nikasema taratibu, nitakwenda mimi. Nikaja mpaka karakana. Mlango ulikuwa wazi, ulikuwa unaongea na yule fundi wa boila. Ulikuwa unamwambia mdogo wako alitafuta mume akaokota mto wa kuegemea. Na kwamba siku nitakayokuja na jambo la maana, utalifunga kwenye fremu utundike."

Fundi wa boila, aliyekuwepo, alianza kuangalia paa.

"Nikasimama. Nikajiuliza, hili ni la maana au si la maana? Mara mbili halikuwa. Nikarudi. Taa ile ilikuwa inanitazama kila nikipita. Nikauchomoa waya."

"Yaani," Bi Msonyo alisema polepole, "mwanamume mzima, msimamizi wa zamu, unaogopa msonyo."

"Ndiyo," alisema shemeji.

Alilisema bila aibu na bila hasira, kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake.   Bi Msonyo alisimama pale majini, na dharau ilimpanda kama kawaida yake, lakini ilipotafuta pa kwenda haikupata. Mbele yake walikuwepo mwoga mmoja na mzee mmoja. Boksi la sensa mpya lilikuwa kabatini kwake, chini ya matambara, na hilo hakuna aliyelijua ila yeye.

"Kaleteni ile pampu ya stoo," alisema mwishowe.

Stoo kulikuwa na pampu ya namna ile ile, ya zamani kidogo, mota yake nzima, iliyokosa sensa. Wengine wote walikuwa wakichota maji na kuokoa marobota. Aliyebaki wa kumshikia vitu alikuwa shemeji yake, na Bi Msonyo hakumfukuza, ingawa alimtazama jinsi alivyoshika spana, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe, na ikabidi auume ulimi.

Alilileta boksi mwenyewe. Shemeji aliona vumbi lililokuwa juu yake, akaona na tambara lililonata pembeni. Hakuuliza.

"Ilikuwepo," Bi Msonyo alisema bila kumtazama. "Tangu mwanzo ilikuwepo. Shika hapa."

Kwanza aliijaribu kabla ya kuiweka, maana sensa ikishafungwa ndani ya mafuta huwezi kuiuliza hali. Aliunga nyaya zake kwenye kisanduku cha maungio, akamtuma shemeji arudishe ule waya wa kabatini mahali pake. Akachota maji kwa kikombe. Sasa kabati lilikuwa mbali, nyuma ya nguzo, na kutoka shimoni taa haionekani. Wa kumwambia kama imewaka ni Swichi peke yake.

Akachovya. Kimya.

"Imewaka?" akauliza.

Kimya. Kwenye ulimi ulimjia ule msonyo mrefu, tayari umekwisha kuvuta hewa. Akaumeza, ukashuka kama dawa chungu.

"Mzee," aliita, na neno hilo hakuwahi kumpa, "naomba unitazamie taa. Imewaka?"

"Imewaka zamani," alijibu Swichi kutoka nyuma ya nguzo. "Nilikuwa nangoja uniulize mimi."

Akaitoa. "Na sasa?"

"Imezima."

Akachovya tena, akatoa tena, na kila mara mzee alimjibu, bila haraka, akifaidi. Halafu ndipo akaanza kazi yenyewe. Alisafisha kikalio cha sensa kwenye pampu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Akavalisha oringi mpya, ile pete ya mpira ya kuziba, akaipaka mafuta kidogo isijikunje. Akaizungusha sensa kwa mkono mpaka ikashika, ndipo akaikaza kwa spana, kiasi, kwa sababu ukikaza kwa hasira oringi hukatika na umeharibu kazi yako mwenyewe. Shemeji alimimina mafuta mapya, na hapo, lazima isemwe, alikuwa hodari. Mkono wake haukutetemeka na hakumwaga hata tone. Bi Msonyo aliliona, akalikasirikia. Kuna watu, aliwaza, Mungu huwapa kipaji kimoja tu, naye huyu kapewa cha kumimina.

Kebo aliipitisha ndani ya bomba la plastiki mpaka juu, isiguswe na maji wala ukuta. Pampu ikashushwa. Ikaanza kunguruma, na maji ya shimoni yakaanza kuteremka, yakiacha ukutani mstari wa povu la kijivu.

Siku iliyofuata meneja aliwaita ofisini, gambuti zake sasa bila lebo. Aliuliza nani alichomoa waya, shemeji akasema ni yeye, na meneja akashusha pumzi kwa raha ya mtu aliyepata jibu fupi. Bi Msonyo akaomba kusema.

"Kebo ya sensa ilikuwa imepasuka. Niliiona. Mpya ilikuwa kabatini kwangu, sikuiweka. Ningeiweka ile siku, taa isingewaka ovyo, na watu wasingeizoea."

Meneja aliinua mkono kama anayezuia basi. "Hayo ya kiufundi, fundi, tuyaache. Wewe tunakuhitaji."

"Si ya kiufundi."

"Tunakuhitaji," alirudia, na akageukia karatasi zake.

Shemeji aliondolewa usimamizi, akapelekwa kupakia marobota. Bi Msonyo hakukatwa chochote, hakuandikiwa chochote. Alitoka ofisini humo akiwa na dharau safi kabisa, ya kiwango ambacho hakuwa amekifikia kwa miaka mingi, na kwa mara ya kwanza hakujua aigawanye vipi, kwani sehemu kubwa yake alitakiwa abaki nayo mwenyewe.

Shemeji hakukaa sana kwenye marobota. Mgongo haukumruhusu. Akaacha kazi, akaingia biashara ya milango na madirisha ya mitumba, na muda si mrefu wakatafuta nyumba karibu na biashara. Siku ya kuhama Bi Msonyo alisimama uani akitazama jinsi wabebaji walivyofunga kabati kwa kamba. Walifunga vibaya. Hakusema.

"Dada," mdogo wake alimwambia, amebeba taa ya mezani kifuani kama kuku, "hatukukimbii. Usije ukafikiri hivyo."

"Nimesema kitu?"

"Hujasema. Ila sisi tunataka tule bila kupimwa. Basi." Kisha, baada ya kupiga hatua, akageuka. "Kwamba ni mwoga nilijua tangu siku ya kwanza aliyokuja kuniposa. Alikaa barabarani mpaka baba akatoka kumwuliza amepotea wapi. Mimi huyo huyo nikamtaka. Wewe ulidhani unanifunulia kitu?"

Upande wa pili wa nyumba akaingia fundi cherehani mwenye redio. Bi Msonyo alimdharau siku ile ile alipohamia, kwa namna alivyogongomea msumari, na wakaishi hivyo.

Kiwandani alianza desturi mpya, ya kuzijaribu sensa zote za pampu kila mwezi, kikombe mkononi, Swichi kwenye kabati. Wawili hao hawakuwa marafiki. Mzee hakumsamehe, naye hakumwomba msamaha, kwa sababu hakuwa amewahi kujifunza maneno yake. Ila alimwuliza na mzee alimjibu, na vijana wa marobota walipojaribu tena kusonya nyuma ya boila, Bi Msonyo aliwapandia kule nyuma, na alichowaambia hakuna aliyekubali kukirudia.

Miezi ikapita kabla hajaalikwa kwa mdogo wake. Alikwenda akiwa amevaa vizuri, na mfuko wa matunda. Nyumba ilikuwa ndogo, imejaa milango iliyoegemezwa ukutani, milango isiyofungua popote. Walikuwepo majirani, mume na mke, watu wazima wapole. Shemeji alikuwa amenenepa zaidi. Alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha mahali pazuri, na baada ya chakula akawa anawasimulia majirani habari za kiwandani.

Alisimulia vizuri, hilo nalo Bi Msonyo hakuwa amelijua. Alieleza siku shimo lilipofurika, maji yakipanda, marobota yakielea. Akaeleza jinsi swichi kubwa ilivyolipuka na watu wakakimbia, na yeye, peke yake, akaingia kwenye maji yale yenye umeme, akaushika mnyororo, akainyanyua pampu kwa mikono yake huku meneja akimsihi arudi. Alipofika hapo akakumbuka nani ameketi mkabala naye. Sauti ikapungua. Mkono uliokuwa hewani ukivuta mnyororo ukashuka taratibu mpaka kwenye goti.

Mdogo mtu alikuwa amesimama na birika, hakumimina.

Yule jirani mwanamume alimgeukia Bi Msonyo, macho yamemtoka. "Bibi, na wewe ulikuwepo? Hivi kweli alikaa kwenye maji yale?"

Bi Msonyo aliukumbuka mnyororo ule, na waliouvuta; shemeji hakuwa mmoja wao. Alimtazama shemeji yake, godoro la watu, jasho limeanza kumtoka kwenye paji la uso. Uongo wenyewe ulikuwa mbovu, umeungwa vibaya, unavuja kila upande, na mtu yeyote mwenye akili angeuona.

"Alikuwepo majini tangu mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Na mafuta ya pampu aliyamimina yeye. Hakumwaga tone."

Akasogeza kikombe chake mbele ili amiminiwe chai.